Kifua cha Kuazima

Jumapili, tarehe 7 Septemba

Leo nimeanza maisha mapya. Sikupenda. Nimelazimishwa na mapenzi.

Nilimwambia Mwanvua, muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwamba nataka kutuma wazee wa posa. Hakukataa! Aliendelea kupepeta ndagala zake, kisha akasema alishamzika mume mmoja kwa ajili ya kifua, na marehemu alikuwa anavuta kidogo kuliko mimi. Machozi ya kumzika wa pili hana. Kama nampenda, niache sigara na nitembeze mwili. Jumapili ijayo ataangalia, ndipo aseme wazee waje au wabaki kwao.

Ataangaliaje? Hapo ndipo niliponaswa. Muganga Léocadie wa kituo cha afya amewawekea watu wa klabu ya mbio ya mtaa wetu wa Cibitoke programu kwenye simu. Inaitwa Mama Pumzi. Mwanvua ni makamu wa rais wa klabu hiyo. Nikawekewa palepale, nikaulizwa nani atakuwa shahidi wangu. Nikajibu kwa sauti ya kiume: Mwanvua! Watu wakapiga makofi. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba shahidi anaona kila kitu.

Ndani ya simu kuna mgomba. Ukitembea, unatoa majani. Ukikaa, unanyauka. Asubuhi na jioni Mama Pumzi anakuanzishia wimbo, zile nyimbo ambazo klabu zinaimba barabarani Jumapili, nawe unaitikia kwa pumzi moja. Yeye anasikiliza kifua. Nimeitikia. Nimekohoa katikati.

"Pole, baba," akasema. "Kifua yako iko na moshi kama jiko ya kuni mbichi. Kesho tujaribu tena."

Hata mashine inanisema! Tena kwa Kiswahili cha hapa hapa kwetu!

Mgomba wangu una jani moja. Limelala.

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Karimu, muuza magodoro wa ng'ambo ya barabara, naye anamtaka Mwanvua. Aliacha sigara Ramadhani iliyopita na hajanyamaza tangu siku hiyo. Leo kanionyesha mgomba wake. Una mkungu mkubwa. Nikampongeza. Moyoni nikautakia nyani.

Mimi ni mtu wa kukaa. Duka la vipuri haliendeshwi kwa kukimbia. Mama Pumzi haelewi. Kila nikikaa kidogo ananiuliza kama nimekuja ugenini nasubiri chai. Mbele ya wateja!

Jioni nimepata wazo. Sylvère, fundi cherehani jirani yangu, anakanyaga pedali kutwa nzima. Mguu wake unahangaika hivyo, na mimi sipati faida yoyote. Hii ni dhuluma.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Nimemfunga Sylvère simu yangu kwenye kifundo cha mguu kwa kipande cha kitenge. Ana sare za shule za kumaliza. Ajabu! Simu ilipiga vigelegele asubuhi nzima. Majani yakajaza kioo. Mimi nikajinyoosha, nikaenda kwa muuza sigara wa kwenye kona.

Balaa. Mwanvua akapiga simu kunipongeza. Sylvère ni mlokole, uongo haujui hata kwa jina. Akainama, akapokea, akamjibu:

"Apana, mama, mi ni Sylvère. Seifu ameenda kununua sigara. Simu yake iko ku muguu yangu."

Nilikimbilia kwa Mwanvua kueleza. Nikasema sigara zilikuwa za mteja. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema miguu inaazimwa, kifua hakiazimwi. Kuanzia sasa ataangalia wimbo kuliko majani. Nikaondoka kichwa chini.

Kufika dukani, kichwa kikainuka. Nani kasema kifua hakiazimwi?

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Destin! Mkongomani wa Uvira, baba wa familia, mlinzi wa geti la nyumba moja kubwa kule Kigobe. Kwaya ya kanisa lao inamtegemea yeye. Akiimba, hata mbwa wa jirani wanakaa kitako.

Tatizo: geti haliachi. Tatizo jingine: mafuta hakuna mjini, teksi zimelala. Nimetoka Cibitoke hadi Kigobe kwa miguu yangu mwenyewe! Nimetoka jasho. Nimelaani mapenzi. Destin amekubali kuniimbia asubuhi na jioni. Malipo yake ni ndagala. Sharti: nisivute karibu naye, wala njiani nikija, maana moshi unaharibu sauti aliyopewa na Mungu. Alininusa mikono kabla hajafungua mdomo.

Kisha akaimba. Mama Pumzi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akapiga kelele: "Baba! Kifua gani hii!" Vigelegele mpaka betri ikapungua.

Ndagala za malipo nimenunua kwa Mwanvua mwenyewe. Amefurahi kuona sasa nakula vizuri, akaniongezea kopo la bure. Uongo nao una baraka zake, Mungu anisamehe.

Alhamisi, tarehe 11 Septemba

Kigobe asubuhi. Kigobe jioni. Kandambili zimelika kisigino. Sigara sipati hata nafasi ya kuivuta: nikienda, Destin atanusa, nikirudi, nimechoka, kiberiti sikitafuti. Huu ni utumwa. Watu wanasema uongo ni njia ya wavivu. Hao hawajawahi kudanganya kwa bidii.

Mgomba umetoa mkungu. Sauti ya Destin ni mbolea.

Suruali inateremka. Nimemgombeza Sylvère, kiuno alikipima vibaya. Amesema alikipima mwaka jana na wakati ule hakikuteremka. Fundi akikosea huwa hakosi maneno.

Karimu amekuja kuuliza siri yangu. Nimemwambia ni nidhamu.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Msiba! Baada ya swala, nje ya msikiti, Karimu alisimama mbele ya watu akatangaza kwamba kifua changu ndicho cha kwanza katika klabu nzima, Mama Pumzi mwenyewe amesema. Na kwa kuwa mwimbishaji wetu amesafiri Gitega, basi Jumapili aimbishe Seifu, kutoka Cibitoke mpaka juu Gihosha! Watu wakasema mashallah. Karimu akatabasamu. Ananishuku, mnafiki yule.

Mwanvua aliposikia, aliacha mteja amesimama na mfuko wazi. Alisema atakimbia nyuma yangu kabisa, asipoteze neno. Macho yalimng'aa. Nampenda mwanamke huyu. Nampenda mpaka naogopa. Jumapili nitakufa.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Nimemwomba Destin aje akimbie kando yangu aniimbie sikioni. Hawezi, Jumapili ni ya kwaya.

Nimekaa, nimefikiri, nimefurahi. Dukani nina spika ndogo ya kuchaji. Nimerudi Kigobe, Destin ameuimba wimbo wote wa klabu kwenye simu yangu mbele ya geti lake. Sikungoja kusikiliza rekodi, nilikuwa na haraka. Kesho spika na simu vitakaa ndani ya mkoba mgongoni, na mimi nitachezesha midomo.

Nimejaribu mbele ya kioo. Naimba vizuri sana nisipoimba.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Naandika nikiwa chali.

Tulitoka jua likichomoza. Mistari miwili, filimbi, fulana za njano. Spika ikanguruma. Sauti ya Destin ikatoka mgongoni mwangu, klabu ikaitikia, Cibitoke ikafungua madirisha. Mwanvua nyuma yangu anaitikia kuliko wote. Kigobe tulipita kama watu wa harusi. Nikajiamini. Nikaanza kupungia watu mkono.

Kwenye mpando wa Gihosha wimbo ukaisha. Rekodi haikuisha. Jana Destin roho ilikuwa imempanda, akaendelea na mambo ya kwao. Kutoka mgongoni mwangu mimi, Seifu bin Ramadhani, mbele ya nusu ya msikiti wetu, ikatoka haleluya. Tamu kabisa! Yesu mwokozi wangu, ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Zipu ya mkoba ikagoma.

Na klabu iliitikia! Wakristo wetu waliujua wimbo. Sylvère aliinua mikono juu na kufumba macho. Karimu alisema astaghfirullah, akaisema tena, halafu kicheko kikamshinda, akashikilia nguzo ya umeme.

Nikavua mkoba, nikamtupia Sylvère. Akaing'oa zipu, akaizima spika. Klabu yote imesimama katikati ya mlima, na klabu bila wimbo haipandi. Mwanvua alikuwa amekaa chini kando ya barabara, kitenge machoni, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikaiona posa yangu inateremka mpaka ziwani. Sikuwa na hila tena hata moja. Basi nikafungua mdomo, nikaimba mwenyewe.

Sauti mbaya. Lakini ilitoka, na ikaendelea kutoka! Ubeti baada ya ubeti, miguu ikipanda, watu wakiitikia na kucheka, mimi bila kukohoa, mpaka juu. Karimu alifika nyuma yangu anahema.

Mwanvua alifika naye. Hakuwa analia, alikuwa anacheka. Kisha akanitazama, na hapo ndipo akalia.

"We Seifu, we ni muongo ya ajabu," akasema. "Lakini tangu Jumatano nimekuona unapita ku miguu asubuhi na jioni, na sigara haiko mu mukono. Mi siko kipofu. Tuma wazee."

Sikuelewa miguu inaingiaje hapo. Sikuuliza. Niliwatuma wazee mchana huohuo kabla hajageuza mawazo. Wamekwenda. Wamekunywa chai. Wamekubaliwa! Nimeruka dukani mpaka boksi la plagi likaanguka. Alhamdulillahi!

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Nimetafakari. Ni nini kilichonipandisha Gihosha? Ni spika. Ilinipasha joto mgongoni, kifua kikafunguka. Maelezo mengine sioni.

Kusherehekea, nimenunua sigara. Pafu la kwanza tu nikakohoa mpaka machozi. Chungu! Sigara za siku hizi zimeharibika. Nimemrudishia muuzaji pamoja na maneno makali.

Habari mbaya kidogo: Mwanvua anataka mgomba ubaki na mkungu hata baada ya ndoa. Mwaka mzima. Maskini, anadhani nitakubali kuhangaika kama Karimu!

Nimeshamaliza jambo hilo na Destin. Ataendelea kuniimbia, na ndagala sasa nitazipata nyumbani. Nitakwenda Kigobe kwa miguu kila siku, asubuhi na jioni, jua liwake, mvua inyeshe. Akihamishiwa geti la Gihosha, nitapanda hadi huko. Chochote, ili mradi nisifanye mazoezi.