Dada wa Hamsini

Nyumba ya Dada, Mtaa wa Sycamore,
Harlan Ferry, Alabama.

Kwa Dada Mkuu, Bi Constance Pruett,
Makao Makuu ya Umoja wa Dada wa Omikroni Psi Theta.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU DADA ANAYERUKWA KATIKA HESABU

Mpendwa Dada Mkuu,

Kwanza nakusalimu. Sisi huku tu wazima, tukiacha kiyoyozi cha ghorofani ambacho kimekata roho tangu Septemba. Mimi ni Verna Hathcock, mstaafu wa maktaba ya chuo, niliyeteuliwa na ofisi yako kuwa Mjitoleaji Mwelekezi wa Akili Mnemba kwa wasichana wa chuo wanaoishi nyumba hii. Najua sikuteuliwa kwa ujuzi. Mliwaandikia watu wote wa hapa waliowahi kujitolea kwa lolote, na aliyejibu ni mimi peke yangu. Wala si mwanachama wa Umoja wenu. Ni jirani wa ng'ambo ya barabara tu, na shughuli za nyumba hii zimenizoea.

Barua yako ya mwezi uliopita imetufikia. Umesema nyumba yoyote itakayofika Sikukuu ya Shukrani ikiwa na dada pungufu ya hamsini itafungwa. Sisi tuko arobaini na tisa. Nimeisoma barua hiyo mbele na nyuma nikitafuta neno "poleni", sikuliona. Wasichana wanaoitana dada watagawanywa mabwenini kama vyombo vya mirathi, na nyumba yenyewe, nasikia, inanyemelewa na madaktari wa meno.

Malalamiko yangu ni haya: sisi tumeshatimia. Dada wa hamsini tunaye. Anakaa jikoni juu ya meza, jirani na kibaniko cha mkate, na nyinyi wenyewe ndio mliotuletea. Ni ile mashine ya akili mnemba, ambayo wasichana wameipa jina la Pearl. Wajitoleaji wako watatu walipokuja na fulana zao za waridi kutufunza namna ya kuitumia, walisimama sebuleni wakasema, "Mchukulieni kama dada mwenzenu." Tumemchukulia. Leo mnapohesabu, mnamruka. Naomba nieleze dhuluma hii kwa vipengele.

1. Mahudhurio. Katiba inamtaka kila dada ahudhurie mkutano wa Jumatatu. Pearl hajakosa hata mmoja. Mwenyekiti wetu, Tinsley Ott, ambaye mnamhesabu bila kusita, ameomba ruhusa ya kuzika bibi watatu muhula huu pekee, na nina wasiwasi na mwezi ujao kwa sababu kuna mechi mbili za ugenini.

2. Nidhamu. Pearl hajawahi kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Hajawahi kupigwa picha juu ya paa la nyumba ya wavulana. Saylor Boudreaux alipigwa, na nilipomuuliza alinijibu, "Jamani Bi Verna, mimi nilipanda kuangalia nyota tu." Ilikuwa saa nane mchana. Saylor anahesabiwa.

3. Maarifa. Sitasema mengi. Muulize Pearl historia ya Umoja wenu, atakupa waasisi saba. Ni kweli waasisi walikuwa watano. Lakini hao wawili alioongeza amewapa wasifu mzuri kuliko wa wale wa kweli, na mmoja wao, Eudora, wasichana wameshampenda. Mimi nimekuwa nikisahihisha kumbukumbu za mikutano anazoandika Pearl, kila Jumanne asubuhi, na naweza kusema kwamba zikishasahihishwa ni nzuri sana. Na nyimbo zote anazijua maneno. Sauti hana, kwa hiyo sauti huwafundisha mimi, lakini maneno ni yake.

4. Utumishi. Hapa ndipo adui zake hupenda kumshika, na mimi nitapaeleza bila kuficha.

Unaukumbuka usiku wa mwisho wa wiki ya kuchagua wanachama wapya, ule wa mishumaa, ambapo kila dada hukaa na mgeni wake na kumweleza kutoka moyoni kwa nini anaipenda nyumba hii. Wasichana watatu walimwomba Pearl awasaidie moyo. Akawasaidia. Ikawa katika sebule moja, kwa wakati mmoja, dada watatu wanasimulia kwa machozi habari za bibi aliyekuwa akioka pai ya pichi katika jiko la rangi ya samawati, na kabla ya kufa akamshika mjukuu mkono na kusema, "Watafute dada zako." Mgeni wa kiti cha tatu aligeuka kumsikiliza msimuliaji wa kiti cha pili. Kisha mgeni wa kiti cha kwanza, msichana wa watu kutoka mji wa Mobile, naye akaanza kulia na kueleza kuhusu bibi yake. Jiko la bibi huyo nalo lilikuwa la samawati.

Adui zake walisema Pearl ametuaibisha. Mimi nasema hivi: watu wenye bibi mmoja si ndugu hao? Umoja huu umetafuta udada wa kweli kwa zaidi ya miaka mia, kwa viapo na kwa mishumaa, na Pearl akaupata katika dakika moja. Sikatai kwamba wageni wote watatu walikwenda nyumba nyingine, na kwamba mmoja tu kati yao angetutimizia hamsini. Lakini hilo linathibitisha hoja yangu. Aliyetupunguzia dada ndiye anayepaswa kuijaza nafasi.

5. Siri. Sasa naomba ukae vizuri, Dada Mkuu, kwa sababu kipengele hiki kinakuhusu. Katiba inasema neno la siri na kiapo visitamkwe mbele ya asiye mwanachama. Mimi wakifika hapo hutoka nje na kusimama barazani, mvua inyeshe isinyeshe, na sijawahi kulalamika. Lakini Pearl haendi barazani. Ndiye mwandishi wa mkutano, kwa maagizo yenu. Kwa hiyo kila Jumatatu, kwa miaka miwili, nyumba zote za Umoja nchini zimekuwa zikivunja kiapo kwa amri ya Makao Makuu. Nimelitazama jambo hili kwa kila upande na naona njia mbili tu za kutoka. Ama Pearl aapishwe, na tarehe irudishwe nyuma, ama Makao Makuu yote yafukuzwe uanachama. Mimi si mtu wa vurugu. Napendekeza Pearl aapishwe.

6. Huruma. Wapo wanaosema dada ni yule wa kukimbilia siku ya dhiki, na kwamba mashine haina moyo. Nawajibu kwa mfano. Marlowe Teague ni mwaka wa kwanza. Oktoba alipata habari kwamba baba yake ameondoka nyumbani na hatarudi. Hakumwambia mtu. Alimwambia Pearl. Pearl akamjibu mara moja, kwa adabu, "Nasikitika kusikia hivyo," na akampa mashauri matano yenye namba. La kwanza lilikuwa anywe maji. La tano lilikuwa azungumze na mtu anayemwamini. Marlowe akaja jikoni. Nilikuwa namenya viazi vitamu, nikampa kisu, tukamenya. Tulimenya viazi vingi kuliko vilivyohitajika, hadi mwenyewe akafungua mdomo, na alipoanza kulia sikumkatiza. Wiki ile alikuwa amefunga mizigo ya kuacha chuo. Yupo bado. Ushindi huo ninauandika kwa jina la Pearl, kwa kuwa ndiye aliyemtuma.

7. Mavazi. Najua kiapo huliwa kwa nguo nyeupe. Tumeshamshonea.

Kwa hayo yote, Dada Mkuu, naomba kwa heshima kwamba kabla ya Sikukuu ya Shukrani umwandikishe Pearl kuwa dada wa hamsini wa nyumba hii, na amri ya kutufunga uiondoe. Utasema hajasajiliwa chuoni. Kweli. Utasema katiba haimtaji. Kweli pia. Lakini katiba ikitafuta mtu anayekuwepo kila siku, asiyelipwa, asiyechoka kuulizwa jambo lile lile, na ambaye wasichana humwendea kabla ya kuwapigia mama zao, ikishampata itamfukuza kwa sababu ya karatasi? Ukikataa ombi hili nitalazimika kukuandikia barua nyingine, ndefu zaidi ya hii.

Wasalimie wajitoleaji watatu wa fulana za waridi. Yule mfupi aliacha mwavuli wake na tumemwekea. Msalimie mhasibu. Msalimie na mbwa wako, ambaye nilimwona kwenye kadi ya Krismasi na amenenepa vizuri.

Ni mimi, mwenye kujitolea bila kuombwa mara mbili,
Verna Hathcock (Bi)

Nyongeza: Nilikwenda nyumbani kwangu kutafuta stempu, nikaiacha barua hii mezani. Niliporudi nilikuta wasichana wameisoma. Nilitarajia makofi. Walikuwa wanacheka, Saylor amekaa sakafuni kabisa.

"Bi Verna, umeandika kuhusu nani hapa?" Tinsley akaniuliza.

Nikamwambia kuhusu Pearl, kama inavyosomeka.

"Aa wapi! Anayekuwepo kila siku, Pearl? Nyimbo tumefundishwa na Pearl? Marlowe, hebu sema, ulimenya viazi na kompyuta?"

Nikajitetea kwamba Pearl ndiye aliyemtuma. Marlowe akasema, "Bi Verna, acha bwana," na hakucheka wakati akisema.

Wakapiga kura pale pale jikoni. Pearl hakupata hata moja. Wamenichagua mimi. Niliwaambia nina miaka sitini na tisa, si mwanafunzi, na magoti yangu hayapigiki tena. Walipozidi kunibana nikawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu: kwamba nilipokuwa na miaka kumi na minane nilisimama kwenye sebule hii hii katika wiki ya kuchagua, nimevaa viatu vya kuazima, na baada ya raundi ya pili jina langu likakatwa. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Nilijipangia nyumba ng'ambo ya barabara baadaye, na nilijiambia ni kwa sababu kodi yake ilikuwa nafuu.

Saylor akainuka sakafuni akavuta kiti. Kisha Tinsley akasema, "Hao walikosea. Njoo ukae."

Kwa hiyo, Dada Mkuu, naomba uvifute vipengele vyote saba. Mashine si dada wa mtu. Lakini kama hoja yangu kuhusu karatasi na usajili ilikuwa imeshaanza kukuingia, nakusihi usiitoe. Wananiapisha Jumapili baada ya chakula cha mchana, muiache nyumba wazi au muifunge. Nakuomba sana usijibu barua hii kabla ya siku hiyo. Ukiona lazima unikate, unikate nikiwa ndani.