Zulia la Bwana Lundquist

Jumatatu, 6 Machi
Barua ya Lundquist, mwenye nyumba wangu wa zamani. Nilihama kwake miezi miwili iliyopita. Anadai dola 640 za zulia, eti nimelichakaza. Nisipolipa kufikia tarehe 17, ananikabidhi kwa wakusanya madeni. Amana niliyomwekea nilipopanga je? Kaikalia kimya! Ubaya ni kwamba Bi. Thao, mwenye ile nyumba ya kona ninayoitaka, atachungulia rekodi yangu ya madeni tarehe 20. Jina likichafuka, sina nyumba. Nitabaki hapa kwenye chumba cha chini ya ardhi cha dada yangu Dolores, nikilala kwenye kochi katikati ya vikombe vyake vya ushindi wa mchezo wa boling. Haitatokea. Mimi Stachowiak sinyanyaswi!

Jumanne, 7 Machi
Nimekwenda ofisi ya chama cha wapangaji, kwa kuwa ni bure. Nimepokewa na Bi. Pruitt, mama mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Kasema zulia la miaka kumi na miwili limejifia lenyewe. Uchakavu wa kawaida si deni la mpangaji. Tena yule bwana alikuwa na siku ishirini na moja za kunirudishia amana au kuniandikia amekata nini. Zimepita. Niandike barua moja: nalipinga deni hili, nionyeshe ushahidi. Niitume kwa posta ya rejista, nitunze risiti. Na nisimwahidi chochote, kwa mdomo wala kwa karatasi. Akaniuliza kama nimeelewa. Nimeelewa sana. Ila barua moja tu? Kwa kichwa kama changu?

Jumamosi, 11 Machi
Mkakati! Kila Jumamosi mchana Lundquist yuko baa ya Stosh kwenye bahati nasibu ya nyama. Nitamlainisha. Nimenunua tiketi za dola ishirini, nikashinda paja zima la nguruwe! Nikampelekea mezani. Kafurahi mno. Kaniita kaka, kaniagizia bia, na mhudumu akaweka glasi ndogo kifudifudi mbele yangu: bia ya pili imeshalipiwa. Mtu akikuwekea glasi hapa Milwaukee, humkatalii kitu. Utaonekana huna malezi. Basi aliponiomba niandike neno dogo tu la kirafiki, niliandika nyuma ya kile kikadi cha kuwekea bia: suala la zulia nitalimaliza, G. Stachowiak. Akakitia mfukoni. Akaondoka na paja. Nadhani mambo yameiva.

Jumatatu, 13 Machi
Lundquist kapiga simu. Sauti si ya kaka tena. Eti nimekiri kwa mkono wangu mwenyewe, sasa ni dola 700, na wakusanya madeni watapewa picha ya kikadi. Dolores kasikia yote akiwa ngazini. Kaniuliza hivi mama aliniangusha nilipokuwa mdogo au niliruka mwenyewe. Kachukua koti, kanikokota hadi kwa Bi. Pruitt, ambaye alivaa hata ile miwani ya kichwani aione vizuri sura yangu. Kasema kikadi hakikutaja kulipa wala kiasi, kwa hiyo kinatia aibu kuliko kinavyodhuru. Dolores akaandika ile barua ya rejista palepale, akadai na amana yangu. Mimi nikatia sahihi tu. Nilitaka kuongeza aya kuhusu heshima ya ukoo wetu. Wamekataa wote wawili.

Ijumaa, 17 Machi
Bahasha! Hundi ya amana yangu, yote, na mstari mmoja: deni limefutwa. Dolores anasema Lundquist kasoma barua, akaona mahakama ingeweza kumlipisha amana maradufu kwa kuichelewesha. Mwache aamini hivyo. Mimi najua lile paja lilikuwa linafanya kazi taratibu.

Jumanne, 21 Machi
Nyumba nimepata! Bi. Thao kanipa funguo na fomu: nina siku saba za kuandika kila kasoro niliyoikuta, nisije nikadaiwa baadaye. Kasisitiza: kila kitu, baba, hata kidogo. Nimezunguka. Dirisha la jikoni limepasuka. Mlango wa friji unaning'inia. Sakafu ya bafu imevimba kama andazi. Lakini nani anampenda mpangaji mlalamishi siku ya kwanza? Nimeandika kwa herufi kubwa, KILA KITU KIZURI MNO, nikatia sahihi, nikamrudishia kabla hajafika kwenye gari lake. Kaisoma mara mbili, akaichungulia na nyuma. Nadhani hajawahi kupata mpangaji mwenye akili hivi.