Mlango Mpya wa Kizamani

(Kihesa, Iringa, asubuhi ya mwezi wa sita mwaka 1976, uwanja wa nyumba za walimu. Upepo unakata masikio. Jukwaani amesimama Ndugu Crispin, Kodineta wa Mkoa wa Projekti ya Kurembesha Milango ya Makabati kwa Kujitegemea. Pembeni yake kuna kitu kirefu kimeegemezwa kwenye kiti na kufunikwa shuka jeupe. Mama mmoja wa Kihindi amesimama karibu nacho, hakiachi hata kidogo.)

Ndugu Mwakilishi wa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye angekuwa nasi hapa kama asingepatwa na dharura ileile ya mara iliyopita, ndugu wajumbe wa Kamati Kuu ya Makabati, wa Kamati Ndogo ya Bawaba, na wa Kamati Ndogo Zaidi ya Vitasa, ndugu wageni wetu wa Ilomba, Mbeya, mkiongozwa na Ndugu Asukile, mliosafiri juu ya lori la viazi ili mje kujifunza kwetu, ndugu walimu wenyeji, ambao makabati ni yenu ijapokuwa milango ni ya umma, ndugu wafanyabiashara, wazee, kina mama, vijana, na wewe ndugu uliyepanda juu ya ukuta, shuka, huo nao ni mali ya umma, kamwene!

(Kamwene!)

Hamjanywa chai? Nasema kamwene!

(Kamweneee! Sauti kutoka kundi la Ilomba, kwa lugha ya kwao: Ndaga!)

Ndaga fijo, ndugu zangu. Sasa, nitasema machache. (Miguno.) Nianze na historia, kwa sababu msemaji asiyeanza na historia anaweza akamaliza mapema. Mwaka jana, nikiwa katika ziara ya kikazi ya kunywa chai nyumbani kwa Ndugu Bharat, mwenye duka la vitambaa pale mjini, na wakati naletewa sahani ya pili ya sambusa, niligeuka nikaona kabati, na kabati hilo, ndugu wananchi, lilikuwa na mlango wenye maua ya kuchongwa, miraba iliyoinuka, kishikio cha shaba na rangi ya kahawia iliyokolea kwenye kona na kufifia katikati, mlango ambao ukiutazama unajua kwamba mabibi wanne wameufunga na kuufungua. Nikaacha sambusa. (Kicheko.) Kweli niliacha, muulizeni Mama Kokila, mke wa Ndugu Bharat, huyu hapa aliyeshika shuka.

(Mama Kokila: Uliacha moja tu.)

Asante, mama. Nikajiuliza swali la kitaalamu: kwa nini mwalimu wa Kihesa afunge nguo zake nyuma ya plaiwudi kavu, isiyo na ua wala mstari, kama vile amefungia mahindi ya mbegu? Ndipo nikaandaa plani, nikaiwasilisha kwenye kamati ambayo mimi ndiye mwenyekiti, nikajiuliza maswali magumu, nikajijibu, na plani ikapita bila kupingwa. (Makofi ya wajumbe wa kamati.)

Watu wa majungu, na wapo, wananiona na wengine wamekaa kivulini pale, walisema, Crispin, nchi nzima inahangaika kufanya vya kale viwe vipya, wewe unataka kufanya vipya viwe vya kale? Nikawaambia ndiyo, na huo ndio upeo. Maana hatuagizi chochote. Hatumwiti fundi. Mwananchi mwenyewe, kwa mikono yake, anachukua mlango wake, anausugua kwa msasa mpaka aing'oe ile rangi ya serikali. Anakata fito nyembamba anazibandika kwa gundi na misumari midogo ili zitoke miraba. Anapaka kiwi ya kahawia, hiihii ya viatu, anaipangusa kwa kitambaa kabla haijakauka, ibaki kwenye kona. Halafu, hapa wataalamu ndipo wanapotuonea wivu, anaupiga mlango kwa mnyororo wa baiskeli, taratibu, kwa heshima, mpaka upate makovu ya uzee. Umri wa miaka mia unapatikana kati ya chai ya saa nne na ugali wa mchana!

(Makofi. Ndugu Asukile anawanong'oneza wenzake: mmesikia, mnyororo.)

(Msemaji anainua mguu wa kushoto.) Samahani, kuna kitu kinanichoma kisigino hapa. Tadeo, hili jukwaa umelipiga msasa wewe?

(Katibu Tadeo, kutoka chini: Ndugu Kodineta, msasa haujafika.)

Endelea kukaa. Sasa nije kwenye implementesheni. Mwezi wa kwanza, projekti iling'oa milango yote ya makabati katika nyumba hizi za walimu, asilimia mia moja, na kwa kuwa tulikuta na dirisha moja limelegea tukaling'oa pia, ikawa asilimia mia moja na kitu. Hakuna mkoa mwingine uliofikia kiwango hicho cha ung'oaji. (Makofi yanaanza, yanakatika.) Naona Mwalimu Lea ameinua mkono. Mwalimu, maswali ni mwishoni.

(Mwalimu Lea, msichana mrefu mwenye sweta la bluu: Si swali, Ndugu Kodineta. Nataka mlango wangu.)

Mwalimu ana shauku, mpigieni makofi.

(Mwalimu Lea: Sina shauku, nina panya! Ninaolewa Jumamosi. Shela wameshaitafuna yote, sasa wamehamia kwenye gauni. Usiku nalala nimelikumbatia hilo gauni kama mtoto mchanga. Miezi mitano kabati langu liko wazi, baba! Hata kama ni mkavu, nirudishie mlango wangu nifunge.)

(Kina mama: Mrudishie! Maskini!)

Utulivu, ndugu. Mwalimu Lea, binti yangu, nimesikia uchungu wako, na nimeuweka kwenye feizi ya pili. Lakini tuambizane ukweli: unataka kwenda kwa mume na mlango wa plaiwudi? Wakwe waje kukuchukua wakute kabati kavu? Sisi tunakuandalia mlango wa heshima, na panya mwenyewe akiuona ule mlango atapiga hodi! (Wajumbe wa kamati wanacheka peke yao.) Nilimwambia mke wangu, Marta, jana tu, nikamwambia Marta, mimi nikifa watu watasema nini? Akasema, watasema umeng'oa milango. Unaona? Hata nyumbani kazi inaonekana.

Na sasa kilele cha siku ya leo. Mama Kokila, tafadhali, funua.

(Mama Kokila anafunua shuka polepole. Mlango una maua ya kuchongwa, miraba iliyoinuka na kishikio cha shaba. Watu: Ooo! Vigelegele. Watu wa Ilomba wanasogea kuupapasa. Mama Kokila anawaondoa mikono.)

Tazameni! Tazameni hiyo rangi ya kwenye kona! Hicho kishikio! Nani angesema kwamba huu si mlango wa mabibi wanne? Huu ndio uwezo wetu, ndugu. Wageni wa Ilomba, mkirudi Mbeya semeni mliyoyaona.

(Ndugu Asukile: Sisi hatukungoja kurudi. Tulipopata mwaliko wako tukang'oa kabisa, mitaa miwili, ili tukifika tuanze kusugua.)

Huo ndio moyo! Basi tumalizie kwa wito wa projekti, wote kwa sauti. Nikisema kabati, mnasema kujitegemea. Kabati!

(Kujitegemea!)

Mlango!

(Wa kizamani!)

Msasa!

(Haujafika!)

Hapana, hapo mnasema usugue. Haya, si kitu. Nimalizie kwa shukrani, kwa sababu mimi si mtu wa kuchukua sifa zote za wengine, nyingine huwa naziacha. Kwanza namshukuru sana Mama Kokila, aliyekubali kutuazima mlango huu wa kabati la bibi yake, kwa sharti dogo kwamba urudi nyumbani kabla ya saa kumi...

(Mama Kokila: Saa nane. Nguo zangu zote ziko kitandani.)

...kabla ya saa nane, maana bila mlango wake leo tusingekuwa na mlango wowote wa kuwaonyesha. (Watu wanageuka kutazamana.) Namshukuru pia Katibu Tadeo, aliyenijengea jukwaa hili zuri jana jioni kwa kujitegemea, bila kununua hata ubao mmoja, kwa kutumia plaiwudi zilizokuwa zimeegemea tu ukuta wa ofisi tangu mwezi wa kwanza zikisubiri msasa, msasa ukisubiri kibali, na kibali kikisubiri saini ya mwenyekiti, ambaye ni mimi, na nilikuwa kwenye semina ya makabati.

(Watu wanainama kuangalia chini ya jukwaa. Sauti: Jamani, hiyo si bawaba? Sauti nyingine: Mlango wa kabati la jikoni kwangu ule! Ndugu Asukile anakimbilia lori akipiga kelele: Washa gari, tukawarudishie watu vitu vyao!)

Ndugu wageni, chakula bado! Ndugu walimu, naomba utaratibu, mmoja mmoja, hiyo mnayoitoa ndiyo nguzo ya... sawa, ichukue. Naona wananchi wameipokea feizi ya pili kwa kasi kubwa. Hiki ndicho tulichokuwa tukikitarajia, kwamba mlango urudi kwa mwenyewe, na umerudi katika kipindi changu, na katibu aandike hivyo. Asanteni sana, asanteni kwa... taratibu, mama, mguu wangu! Nawaomba jambo moja tu, ndugu zangu, mniachie huu mmoja niliosimama juu yake mpaka niteremke vizuri, halafu wenyewe una msumari, ni mbovu, hautamfaa mtu.

(Mwalimu Lea amekwisha kupanda. Anainama, anagusa msumari ulio karibu na kiatu cha msemaji, kisha anainuka.)

(Mwalimu Lea: Msumari huo niliupigilia mimi, wa kutundikia kioo. Inua mguu, baba.)