Jinsi Kiazi Mwana wa Simsim Alivyolikabili Trela la Mai Mahiu

Tayari tulikuwa tumeipita Gilgil, na Nakuru imebaki huko nyuma na makelele yake, wakati shujaa wetu alipotapika mara ya pili. Sikilizeni basi, enyi wachoma mahindi na mafundi wa pancha, enyi akina mama mnaokata sukuma wiki, wekeni kisu chini: nawasimulia safari ya Kiazi mwana wa Simsim, mwenye masikio yasiyojua yasimame au yalale, aliyeshuka bondeni ndani ya kikapu, juu ya blanketi lenye harufu ya mamake, akiwa na umri wa wiki tisa kamili.

Kwenye usukani alikuwa Odongo, amiri wa pikapu iliyojaa karoti. Kando yake aliketi Nasimiyu wa Lanet, mfugaji wa mbwa, mwanamke wa maneno machache na sheria nyingi. Mimi nilishika kikapu; nilikuwa naelekea Olkaria, lakini miguu yangu haijawahi kujua kukaa mahali, nikapitiliza nao hadi Mai Mahiu.

"Nasimiyu, dada yangu," Odongo akanena, akifungua dirisha, "huyu ni abiria gani umenipakia? Karoti zangu zinaenda sokoni, si hospitali."

"Kata kona polepole, shemeji. Mbwa hana shida. Shida ni dereva."

Sasa yafaa mjue kwamba Kiazi hakuokotwa mtaroni. Kabla Simsim hajaolewa, Nasimiyu alimpeleka kwa daktari wa mifugo akapigwa picha ya nyonga, na bwana harusi vilevile, maana aliapa hatazalisha viwete. Watoto sita walizaliwa ndani ya sanduku pale sebuleni, si kwenye banda la nyuma, ili wayazoee maisha ya watu: redio ya mahubiri, sufuria ikianguka, mwavuli ukifunguliwa, wageni wenye kofia, wenye ndevu, wenye mkongojo. Kila siku alimshika kila mmoja miguu, masikio na midomo, kama jenerali anayekagua jeshi lake. Dawa ya minyoo ilikuja kwa tarehe yake. Na kabla chanjo hazijatosha, hakuna aliyekanyaga barabara. Aliwabeba kwa kikapu hadi stendi ya boda boda, wakaitazama dunia bila kuugusa udongo wake, maana humo hulala parvo, muuaji wa watoto wa mbwa, anayewaharisha damu. Watu wa Lanet wakasema mama huyu amerukwa na akili. Wanunuzi aliwahoji kama polisi, na aliyetaka mtoto wa wiki tano alisindikizwa langoni chai yake ikiwa bado moto.

Watano walikuwa wamekwenda, na chanjo za Kiazi sasa zilikuwa zimetosha. Kiazi hakuogopa radi, hakuogopa jogoo, hakuogopa mahubiri. Aliogopa kitu kimoja chini ya jua: ule mlio wa breki za upepo za malori, psssss! Na mwenye kumchagua alikuwa Rahab, mjane wa Mai Mahiu, ambaye kibanda chake cha chai kiko pale pale malori yanapoegeshwa. Rahab alikuwa amekwea Nakuru mara tatu ili aketi sakafuni na mbwa huyo tu. Tangu mzee wake afariki, akifunga kibanda hakuwa na wa kumwambia siku ilivyokuwa.

Lakini sheria ya Nasimiyu haikuwa na mlango wa nyuma: mbwa wake haendi mahali atakapoishi kwa hofu.

"Odongo anarudi kutuchukua saa kumi," alimwambia Rahab tuliposhuka. "Kama hapo Kiazi hatakuwa amekula kando ya lori kwa hiari yake, narudi naye. Usinilaumu, mathe."

"Sitakulaumu," Rahab akajibu. Lakini bakuli alikuwa ameshanunua, jekundu, na lilikuwa limejaa maji.

Vita vilianza saa saba. Lori la kwanza likasimama, likapumua psssss, na Kiazi mwana wa Simsim akaingia chini ya benchi kwa kasi ambayo hakuna jeshi lililowahi kukimbia nayo. Rahab akainama amvute.

"Usimvute!" Nasimiyu akanguruma. "Ukimvuta unakuwa upande wa lori."

Hapo akainuka Kipkemboi, bwana wa trela la magurudumu ishirini na mawili, chapati mkononi, akahutubia kibanda kizima.

"Nisikilizeni! Mbwa hafunzwi kwa kubembelezwa. Mbwa wa kulinda unamfungia kwa banda la giza akiwa mdogo, asione mtu, unamtilia pilipili kwa chakula. Akitoka hapo, mwizi analiwa pamoja na viatu vyake. Wangu ana miaka miwili humo. Ni simba!"

"Na ukimfungulia, anakufuata?" Nasimiyu akauliza.

"Ah, mimi simfungulii. Atanirarua."

"Kwa hivyo mwizi akija, utamwambia angoje kwanza utafute mtu wa kumfungulia?"

Wanywaji wa chai wakacheka hadi benchi likatingika. Kipkemboi, aliyejeruhiwa mbele ya watu, akapanda kwenye trela lake na kuachilia breki mara tatu kwa hasira. Kule chini ya benchi Kiazi akajikojolea.

Nasimiyu akatembea hadi mlango wa trela, mtu mfupi mbele ya mlima wa chuma.

"Ewe Kipkemboi, umemwongezea mtoto huyu hofu, na wewe ndiwe utakayeipunguza. Kaa humo humo. Nikiinua mkono, bonyeza mara moja. Nikishusha, acha."

"Mama, mimi nina mzigo wa Malaba!"

"Malaba haihami, boss. Mbwa huyu anahama leo, ama akose."

Kipkemboi akamtazama Rahab, aliyekuwa amepiga magoti vumbini akizungumza na benchi. Akavua kofia. "Haya, mwalimu. Nipeeni chai basi."

Tukamngoja Kiazi atoke mwenyewe, tukarudi naye nyuma hatua mia moja. Mkono ukapanda, psssss, kwa mbali, Rahab akatupa kipande cha ini. Kiazi akasimamisha sikio moja, akala. Hatua themanini, akala. Hatua sitini, akaligeuzia ini kisogo, na Rahab akashika mdomo.

"Si kushindwa," Nasimiyu akasema. "Akikataa kula, ni sisi tumekwenda mbio mno. Turudi sabini."

Hivyo ndivyo ngome ile ilivyozingirwa, tukisonga mbele na kurudi, kwa mapumziko ya Kiazi kulala na kutafuna kiatu changu. Kipkemboi alikunywa vikombe vitano bila kushuka, akibonyeza taratibu kama anayegusa yai.

Saa kumi ilitukuta hatua kumi kutoka kwa adui. Odongo akafika, pikapu tupu. "Twendeni, mvua inakuja!"

"Nyamaza, shemeji," Nasimiyu akanong'ona. Akamketisha Rahab juu ya kreti kando ya gurudumu, ini kwenye kiganja. "Usimwite. Mwache aamue." Akaiacha kamba ya shingoni mwa Kiazi ilegee, akainua mkono.

Psssss!

Kiazi akalala tumbo chini. Akakitazama kikapu. Akamtazama Rahab, ambaye hakupumua. Kisha, enyi mataifa, akainua mguu mmoja kama kiazi kilichoota jicho, akauweka chini, akainua wa pili. Akavuka hatua kumi zile peke yake, akala ini, akalamba kiganja, na alipomaliza akachuchumaa chini ya gurudumu kubwa la trela na kulikojolea kwa utulivu mkuu.

"Amelinunua!" Kipkemboi akapaza sauti dirishani. "Mathe, hilo trela sasa ni lake!"

Rahab alifunika uso kwa leso. Nasimiyu akamkabidhi kadi ya chanjo, blanketi la Simsim, na neno la mwisho: "Ukishindwa kumtunza, wiki ijayo au mwaka wa kumi, analetwa kwangu. Si kwa mwingine." Basi na iandikwe katika tarehe za Bonde la Ufa: Jumamosi ile, saa kumi na dakika nne, malori ya Mai Mahiu yalishindwa.

Leo Kiazi ana kilo thelathini na moja na hapendi kupanda gari. Kipkemboi alifungua banda la mbwa wake. Mbwa alikaa siku nne mlango ukiwa wazi, ya tano akatoka. Odongo aliuza pikapu, akanunua ng'ombe. Simsim alifungwa kizazi, hulala sebuleni. Nasimiyu yuko Lanet, na wanaotaka mbwa huambiwa wangoje. Rahab hufunga kibanda saa moja na huongea hadi saa tatu. Mimi nilifika Olkaria Jumatatu, nikafyeka nyasi mwezi mmoja, nikaondoka.