Kikombe cha Chai na Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nyota ya jaha imenishukia! Mama mkwe ameamua kulitoa pikapu la marehemu baba mkwe. Linakaa bandani tu, anasema, linafuga mijusi. Atampa mkwe mmoja. Wakwe wenyewe tuko wawili: mimi, muuza magodoro, na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, muuza dawa, ambaye ukoo mzima unamwita Dozi. Sharti ni moja. Jumapili tutamwendesha mama mkwe hadi kwa dada yake na kurudi, naye ameshika kikombe cha chai. Marehemu alimwendesha hivyo miaka yote, halikumwagika tone. Asiyemwaga, achukue.

Nalitaka pikapu lile. Si kwa ajili ya magodoro tu. Marehemu hakuniruhusu kuligusa hata siku moja. Alinipenda, alinitania, lakini nikinyoosha mkono kwenye ufunguo alikuwa akisema, "Kijana mzuri, ila gia hapana." Maneno hayo yananiwasha mpaka leo.

Tatizo dogo. Pikapu ni la gia za mkono, mimi najua otomatiki tu. Dozi anaendesha gari la gia la duka lake la dawa kila siku, na hachoki kutuambia.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Kwa nini nijifunze gia, wakati gari linaweza kubadilishwa? Nikaenda duka la spea. Muuzaji ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nikamwomba kile kipande kinachofanya gari liwe otomatiki. Akauliza kipande kipi. Nikamwambia, kile.

Akavaa miwani, akanitazama. Akaniwekea mezani klachi pleti, duara kama sahani, na presha pleti ya kuibana. Akasema hivi viwili ndivyo vinavyoachana kila dereva akikanyaga klachi, na kukutana akiiachia. Otomatiki haina pedali hiyo. Mahali pa vitu hivi inakaa toki konveta, bakuli kubwa lililofungwa, limejaa mafuta, na mafuta ndiyo yanayosukuma. Klachi zimo, ila ndogondogo, zimejificha ndani ya gia boksi, wala hazina shida na mguu wa mtu. Nikitaka kubadilisha, nibadilishe gia boksi nzima, pedali, nyaya na kompyuta yake. Nikauliza kama hakuna cha kuanzia. Alicheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nimetoka na kirungu cha gia. Kizuri sana, kina herufi za otomatiki: P, R, N, D. Nimekigandisha kwa gundi juu ya fimbo ya gia ya pikapu, mama mkwe akiwa jikoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Anauliza nani ameandika kwenye gia ya marehemu. Nikasema labda Dozi. Anasema kirungu hakitoki. Gundi ya kweli, ile.

Basi, nimeshika njia ya gereji. Fundi ana gari chakavu la mazoezi uani. Kushoto klachi, kulia breki na mafuta. Nikawasha, nikaachia klachi. Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Likaruka, likazima. Fundi akasema mguu wangu wa kushoto umelelewa kivivu. Ni kweli, maskini, haujawahi kupewa kazi! Niliendelea mpaka Fundi akafunga gereji.

Alhamisi, 6 Machi

Mguu umeamka! Unakanyaga wenyewe, hauhitaji ruhusa. Dukani unakanyaga chini ya meza. Mke wangu analalamika kwamba kila nikinyoosha mkono kuchukua chumvi, namkanyaga. Akaniuliza kwa nini sikumwambia anisaidie. Nikamweleza kwa upole kwamba haya ni mambo ya kiufundi. Akaendelea kumenya viazi.

Lakini hata mguu ukiamka, Dozi ananizidi. Hapo ndipo Fundi aliponipa dhahabu bila kujua. Alisema mtu wa gia akipanda otomatiki, mguu wa kushoto hutafuta klachi. Hauikuti. Hukuta breki, tena pana, na huikanyaga kwa nguvu zote. Waliomo ndani husalimiana na kioo.

Nimecheka njia nzima. Dozi ni mtu wa gia!

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe na uso wa msiba. Nikamwambia pikapu limekaa mno, breki zake siziamini, na afya yake yeye ni hazina yetu. Je, si afadhali mtihani tuufanyie kwenye kigari chake, kile cha otomatiki? Akasema sawa, kuendesha ni kuendesha.

Nilipotoka nikakutana na Dozi mlangoni. Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza hali ya mguu wake wa kushoto. Akasema mzima, kwani vipi? Nikamwambia basi tu.

Jumapili, 9 Machi

Mdomo uliponza kichwa.

Kumbe Dozi, baada ya swali langu, alikimbilia kwa Fundi. Fundi yuleyule! Akafundishwa kuusahau mguu wa kushoto, akafanya mazoezi ya otomatiki jana kutwa. Leo alikaa kwenye usukani wa kigari, mguu kaukunja nyuma kama kuku mwenye baridi, akatupeleka hadi kwa mama mdogo. Halikumwagika tone. Mama mkwe alisifu hata kona.

Kurudi ikawa zamu yangu. Kikombe kikajazwa upya. Otomatiki, gari langu la siku zote! Nilienda nimetulia kama maji ya mtungini mpaka njia panda. Nikataka kusimama. Mguu wangu wa kushoto, uliofunzwa, mwenye bidii, ukaruka kuitafuta klachi.

Ukaikuta breki.

Kutoka kiti cha nyuma chai ililowesha bega langu, ikafika kwenye kioo cha mbele. Iliyobaki ilimpata Dozi, aliyekaa kando yangu, shingoni, na hilo lilinifariji kidogo. Mama mkwe alijifuta mikono kwa kitambaa, polepole, akasema, "Marehemu aliniambia." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Dozi akapewa ufunguo wa pikapu palepale uani. Akapanda, mguu wa kushoto bado kaukunja. Akawasha. Akaitazama fimbo ya gia, akaona P, R, N, D, akavuta kwenye D. Gia boksi ikalia kama inachinjwa. Pikapu likaruka, likapiga ndoo ya maji, likazima. Mama mkwe akanyoosha mkono, ufunguo ukarudi.

Hapo mke wangu, aliyekuwa akitungoja uani, akajipangusa mikono kwa kanga. Akamwomba mama yake ajaze kikombe kingine. Akapanda, akakanyaga klachi, akaingiza gia bila hata kutazama zile herufi, wakatoka getini. Mimi na Dozi tukabaki tunatazama vumbi, wote tunanuka chai.

Waliporudi, kikombe kilikuwa kitupu. Mama mkwe alikinywa chote.

Nikamuuliza mke wangu tangu lini anajua gia.

"Baba alinifundisha kabla hujaja kuposa," akasema. "Hukuniuliza."

Nimeona haya, kusema kweli. Nimeona na fahari pia, lakini hiyo sijamwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimekuja kazini kwa pikapu! Mke wangu kwenye usukani, magodoro nyuma, mimi pembeni. Wenzangu wakauliza kama nimeajiri dereva. Sikukataa. Yeye akasikia. Jioni nimerudi kwa miguu.

Si kitu, kutembea kunafungua akili. Nimepita duka la spea. Yule mama aliponiona alivua miwani kabisa, akaiweka mbali. Nimenunua raba ya pedali ya breki ya otomatiki, ile pana. Nikiigandisha ikafunika klachi na breki pamoja, zitabaki pedali mbili tu, na gari la pedali mbili ni la nani kama si langu?

Gundi bado ninayo.