Vijana Wangu Wanajitambua

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa kumi na moja tangu niondoke nyumbani. Mgongo umeacha kulalamika, umekata tamaa. Lakini leo neema! Shule tunayoijengea ukumbi inataka fundi mmoja azungumze na wanafunzi wake kila alasiri wiki hii. Atakayefanya vizuri, msimamizi atampa likizo. Likizo! Mke wangu anasema binti yetu amefika umri wa kununa. Hataki simu zangu, ati sauti ya kwenye simu si baba. Nikanyoosha mikono yote miwili. Kidomo, mpiga plasta, naye akanyoosha. Nikamnong'oneza msimamizi kwamba Kidomo husinzia akiwa amesimama. Nimechaguliwa mimi.

Jumanne, 5 Machi
Mwalimu mkuu, mama mpole, kanieleza somo: stadi za maisha, hasa kujitambua. Nikatikisa kichwa kama msomi. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hili halinishindi. Kujitambua, kujitambulisha, baba mmoja mama mmoja! Nikawasimamisha mmoja mmoja: jina, jina la baba, unakotoka. Kwa sauti! Kijana mmoja mwenye miguu ya korongo akanong'ona. Nikampeleka mwisho wa uwanja akajitambue kutoka kule. Mbwa wa mlinzi akamwitikia.

Jumatano, 6 Machi
Maendeleo makubwa. Wanajitambua hadi madirisha yanatetemeka. Ila kuna msichana mbishi, wenzake wanamwita Wakili. Kauliza kama kujitambua si kujua unachokiogopa na kinachokukasirisha. Nikacheka. Nikamwambia mambo hayo hata hayahitaji sauti. Akauliza, je, mimi naogopa nini. Nikasema naogopa kufika nyumbani binti yangu asinifungulie mlango. Limenitoka tu! Aibu iliyoje. Nikawaamuru wajitambue upya, wote kwa pamoja.

Alhamisi, 7 Machi
Kidomo alitega sikio dirishani. Mchana, mbele ya mafundi wote, akasema jamani, huyu anayefundisha kujitambua mwenyewe hajitambui! Mimi? Nikapanda juu ya rundo la kokoto nikajitambua pale pale: jina, baba, babu, kijiji, fundi zege. Wakacheka mpaka mmoja akaangukia kwenye ndoo. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Ijumaa, 8 Machi
Wazazi walikuja kutazama. Mwalimu mkuu akamwomba Miguu ya Korongo aeleze amejitambua vipi. Kijana akapiga kifua, akanguruma jina na ukoo wote. Mzee mmoja wa mbele akadondosha miwani. Nilitokwa na jasho la furaha! Mwalimu mkuu akashika kichwa, sijui kwa nini. Ndipo Wakili akasimama. Akasema taratibu kwamba amegundua hununa kwa sababu baba yake yuko mbali, na kwamba kununa kwake ni kumkumbuka. Amelielewa hilo siku fundi aliposema anaogopa mlango. Wazazi wakapangusa macho. Mimi nilisikitika. Hakutaja hata jina la baba yake! Huyu kanishinda. Nilidhani likizo imekwenda na maji, lakini mwalimu mkuu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia msimamizi nimeistahili. Bila shaka ni kwa ajili ya Miguu ya Korongo.

Jumamosi, 9 Machi
Nimepiga simu nyumbani. Mke wangu akasema binti amekubali kuongea. Akashika simu, akauliza kwa kisauti chembamba kama ni baba kweli. Swali zuri! Nikavuta pumzi, nikajitambua kwa sauti ya uwanjani. Jina, ukoo, fundi zege. Kisha akacheka mpaka akapaliwa, akamwita mama yake, akasema ndiye yeye, hakuna mwingine wa hivi. Mafunzo yangu hayo! Jumanne nafika na basi la jioni. Nimemwambia asije stendi. Akae tu karibu na mlango, nikishuka atanisikia.