Rimu za Bishoo na Kiti cha Shangazi

Siku ile mjinga wa Kashaulili alikuwa mmoja tu, na jina lake Fabiani. Mwenyewe hakatai. Ukimuuliza atakwambia kwamba wajinga wengine wote wa Mpanda walipewa likizo asubuhi ile, akabaki yeye peke yake zamuni.

Kijiwe chenyewe kiko nyuma ya soko, mbele ya birika la kahawa la dada Nyanzala. Wenyeji wanakiita Benchi la Ufundi, ingawa hakuna aliyewahi kulikalia benchi lile akajua kufungua hata mfuniko wa tangi la mafuta. Fabiani pale wanamwita Bishoo, maana shati lake analipiga pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Telesfori wa bodaboda, mtoto wa Katumba, ni Pingamizi: ukisema jua linachoma, atakuuliza umethibitisha wapi. Na Masalu, muuza mchele, ni Tani Mbili. Siku ukiona benchi linavyolalamika akikaa, hutauliza kwa nini.

Basi Ijumaa hiyo Pingamizi akaja na simu mkononi, hata salamu hakutoa.

"Jamani, sikieni hii. Kuna bibi harusi huko Dar kafika kanisani na pikipiki! Gari imepasua tairi njiani. Wanasema walifunga rimu kubwa, tairi ikawa inasugua madigadi tangu nyumbani. Ikasugua, ikasugua, ikachoka na maisha."

"Na shela?" Nyanzala akauliza huku anamimina.

"Shela imefika nusu. Nusu nyingine iko kwenye cheni ya pikipiki."

Bishoo akacheka. Alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani, na hapo ndipo alipolishika jembe la kujichimbia shimo.

"Kumbe washamba wapo mpaka Dar! Wazee, rimu hainunuliwi kama parachichi, unaibonyeza unasema hii imeiva. Rimu ni elimu! Kuna upana wake, kuna urefu wake, kuna inavyokaa ndani na inavyotoka nje. Sasa geukeni mwone kazi ya mtu aliyesoma."

Wakageuka. Kando ya kibanda cha mitumba ilisimama IST yake nyeupe, imeoshwa kama sahani ya mgeni, na chini yake rimu mpya nyeusi, pana, za kung'aa. Tairi zimetokeza nje ya bodi kama jirani mbea anayechungulia dirishani.

Kesho yake, Jumamosi, gari hilo ndilo lingembeba Upendo, mdogo wake wa tumbo moja, kutoka nyumbani Misunkumilo mpaka kanisani. Kikao cha ukoo kilitaka Noah ya shemeji yao Maximilian, iliyo pana na yenye adabu. Bishoo alisimama kwenye kikao kile akasema baba yao hayupo tena duniani, kwa hiyo Upendo atafikishwa na kaka yake au hafikishwi na mtu. Wazee wakaguna, wakamkubalia.

"Sha, mbona tairi iko nje hivyo?" Pingamizi akaanza. "Inamsubiri nani?"

"Ndiyo staili, bwana. Gari inasimama kibabe."

"Ikiingia kwenye shimo je? Haitakula madigadi?"

"Nimepima! Kati ya tairi na madigadi vinaingia vidole vitatu." Bishoo akavinyanyua kama anaapa mahakamani. "Nimevipitisha mwenyewe, mbele na nyuma. Nikakata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Kimya. Ukisikia mkwaruzo, niite mbwa."

"Vidole vya nani?" akauliza Tani Mbili.

"Vyangu."

"Hivyo ni vidole au njiti za kiberiti? Vidole vitatu ndio hivi." Tani Mbili akanyoosha vyake, kila kimoja kama ndizi mzuzu.

"Na kesho ndani wanakaa nani?" Pingamizi hakumwachia pumzi.

"Bibi harusi, matroni wake, na shangazi Specioza."

Shangazi Specioza benchi zima lilimfahamu. Na mila ya ukoo ule waliifahamu pia: bibi harusi hatoki mlangoni bila shangazi, na shangazi hapandi gari la nyuma. Anakaa bega kwa bega na mtoto wa kaka yake, kapu la unga na mbegu likiwa mapajani, mpaka mlango wa kanisa. Mwaka ule mvua ilipokata barabara, dada yao mkubwa alipelekwa kwa trekta, na shangazi akiwa juu ya trekta.

"Basi tupime," Tani Mbili akasema, akanyanyuka. Benchi likashusha pumzi. "Mimi ndiye shangazi."

"Mimi bibi harusi!" Pingamizi akadaka kitenge cha Nyanzala kilichoanikwa, akajitanda usoni.

"Kirudi safi hicho!" Nyanzala akafoka. "Na matroni?"

Matroni akawa gunia la mchele. Wakalifunga mkanda, wakaliketisha kiti cha mbele kwa heshima zote.

Tani Mbili alipoingia nyuma, gari likachuchumaa kama kuku anayetaka kutaga. Bishoo akajifanya hajaona. Akawasha, akaachia klachi ambayo haipo, maana gari ni otomatiki, kisha wakaondoka.

"Krrrr."

"Nini hiyo?" bibi harusi akauliza chini ya kitenge.

"Redio."

"Redio umezima, sha."

"Basi ni barabara!"

Kwenye tuta la kwanza gari likalia kama mashine ya kusaga iliyomezeshwa msumari. Mama mmoja muuza dagaa, kuona shela, akaachia kigelegele. Kuona ndevu ndani ya shela, akakimeza katikati. Kwenye kona ya kulia ndiyo kabisa: usukani ukagoma, tairi ikaung'ang'ania ukingo wa madigadi, moshi mwembamba ukapanda dirishani.

"Bwana harusi aambiwe mapema," Pingamizi akakohoa, "mke wake ananuka mpira."

"Shangazi naye anaomba kushuka," Tani Mbili akasema. "Na kapu lake."

Walirudi kijiweni mwendo wa maziko. Nyanzala akainama kuangalia tairi ya nyuma. Bega la tairi lilikuwa limechongwa, na unga mweusi umejaa juu ya rimu kama nazi iliyokunwa.

"Niambie kitu," Pingamizi akamkalia Bishoo mbele kwa mbele. "Siku ile ya vidole vitatu, gari ilikuwa wapi?"

"Kwa fundi, Makanyagio."

"Sikuulizi mtaa. Ilikuwa chini au ilikuwa juu?"

Bishoo akanywa kahawa kwenye kikombe kitupu.

"Juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya jeki."

"Mayu wane, mama yangu!" Tani Mbili akajishika kichwa. Pingamizi akaanguka chini, akabingirika na kitenge cha watu. Nyanzala alicheka mpaka wateja wa mitumba wakaja kuuliza kuna nini.

"Huyu kapimiwa suruali akiwa ananing'inia kwenye kamba!" Pingamizi akapiga kelele. "Ewe mtu, gari ikiwa juu ya jeki, tairi si inashuka chini yenyewe? Pale hata mkono unaingia! Na usukani nao uliukatia hukohuko hewani?"

"Sasa ningeukatia wapi?"

"Ndiyo maana ikawa kimya! Hewani kuna nini cha kusugua? Malaika?"

"Wewe uliona wapi rimu hizi?" akauliza Nyanzala, akijifuta machozi.

"Kwenye simu. Kuna jamaa wa Mwanza ana IST kama yangu, kavaa hizihizi, imetulia chini, imependeza, yaani we acha."

"Kwenye picha kulikuwa na shangazi?"

"Hapakuwa na mtu."

"Basi ile ilikuwa imevaa tu. Haikuwa imebeba."

Hapo kicheko kikapungua kidogo, maana walimwona Bishoo anaitazama gari kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Tani Mbili, ambaye moyo wake nao ni tani mbili, akasema taratibu:

"Yaishe, mdogo wangu. Rudisha rimu za zamani, kesho maisha yaendelee."

"Sina."

"Huna vipi?"

"Tulibadilishana na jamaa wa Inyonga. Yeye kachukua zile, mimi nikachukua hizi. Kaondoka nazo jana."

"Mpigie."

"Hapatikani. Nimempigia wakati nyie mnabingirika."

Kikao cha dharura kikaanza palepale. Tani Mbili akasema ukingo wa madigadi ukatwe kwa grainda. Bishoo akauliza gari nyeupe ya harusi ikatwe kama mbuzi wa sikukuu? Pingamizi akasema tairi zipunguzwe upepo; Nyanzala akamwambia tairi ikilegea inatanuka tumbo, muulize Masalu. Mpita njia mmoja akachangia kwamba springi zichomekwe vipande vya raba gari isizame.

"Halafu tuta moja tu," Pingamizi akapinga, "bibi harusi anaingia kanisani na dari kichwani."

"Mchukue Maximilian na Noah yake," akasema Nyanzala. "Gari ipo, mafuta yapo, mtu mwenyewe hana makuu."

"Bora nife."

"Kwa nini ufe?"

Bishoo akakaa chini, juu ya vumbi, na ile suruali yake ya pasi.

"Huyu Upendo, baba alikuwa anamfunga kamba za viatu kila asubuhi ya shule. Alipoondoka, kazi hiyo nikairithi mimi. Nikawa nachelewa darasani ili yeye asichelewe. Sasa siku ya mwisho ya kumsindikiza, nimwachie mtu mwingine? Mimi nitasimama wapi kwenye picha?"

"Ulianza vizuri," Nyanzala akasema. "Umeharibu kwenye picha."

"Nisikilizeni!" Bishoo akaruka kama aliyechomwa na siafu. "Tatizo si rimu. Tatizo ni uzito! Nikiwa peke yangu haisugui hata ukiipeleka Karema. Kwa hiyo apungue mtu mmoja tu, kazi imekwisha."

"Apungue nani?" Pingamizi akakunja mikono. "Bibi harusi?"

"Hapungui huyo. Harusi ni yake."

"Matroni?"

"Shela itashikwa na nani?"

"Basi amebaki..."

"Shangazi," Bishoo akasema, akatazama huku na huku. "Shangazi apande Noah, na kapu lake pembeni. Kuna ubaya gani?"

"Na mila?"

"Mila zinakwenda na wakati, bwana! Enzi zile walikuwa wanatembea kwa miguu, shangazi hakuwa anamkalia mtu kwenye springi."

"Nyie wanaume mna mambo," Nyanzala akatikisa kichwa. "Gari unaivisha viatu vya sherehe, halafu unawaambia abiria wajipunguze. Si uipunguze gari?"

"Dada Nyanzala, wewe humjui vizuri shangazi yangu. Yule si abiria, yule ni msafara! Akikaa kushoto, gari inakwenda kushoto yenyewe..."

Nyuma yake bodaboda ikasimama. Akashuka mama mmoja mpana, kitenge kimefungwa kwa heshima, kapu kichwani, vumbi la basi la kutoka Usevya bado liko kwenye nyusi. Pingamizi akavua kitenge cha Nyanzala kichwani. Tani Mbili akasimama mwenyewe, bila kusukumwa, akalifuta benchi kwa kiganja.

"...na akileta ubishi," Bishoo aliendelea, kifua mbele, "nitamwambia wazi kabisa. Nitamwambia..."

"Utamwambia nini?"

Bishoo akageuka. Uso wake ukabadilika rangi kama kinyonga aliyekosea mti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Endelea tu, baba. Ulikuwa unanipunguza."

"Shangazi, si hivyo, ni masuala ya kitaalamu..."

Shangazi Specioza akatua kapu mikononi mwa Tani Mbili, ambaye mikono yake ilishuka kidogo. Akaizunguka gari polepole. Akainama kwenye tairi ya nyuma, akapitisha kidole kwenye lile bega lililochongwa, akakitazama kilivyokuwa cheusi. Kisha akakifuta kwenye shati la Bishoo, palepale kwenye mkunjo.

"Hii ndiyo ya kesho?"

"Ndiyo, shangazi. Inaomba tu apungue mmoja."

"Mmoja tu?"

"Mmoja tu, Mungu shahidi."

Shangazi akafungua kiganja. Bishoo akakitazama, akamtazama Pingamizi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na pingamizi lolote. Akaweka ufunguo. Shangazi akaudumbukiza chini kabisa ya kapu, kwenye unga.

"Telesfori, mpigie Maximilian simu. Mwambie kesho bibi harusi anapanda kwake, na mimi nipo pembeni ya mtoto wangu."

"Shangazi, subiri kwanza!" Bishoo alikuwa karibu kulia. "Na mimi je? Niliahidi mbele ya wazee! Mimi ndiye dereva!"

Shangazi alikuwa tayari amelikalia benchi, anapokea kikombe kwa Nyanzala.

"Gari inayokataa abiria," akasema, "inataka dereva wa nini?"